Siu Nim Tau: Wazo au Nia?

Katika Wing Chun, sanaa ya mapigano ya kusini mwa China, mwanafunzi huanza na Siu Nim Tau. Ni wa kwanza kati ya mifuatano mitatu ya mikono mitupu. Inayofuata ni Chum Kiu na Biu Ji. Nasema mfuatano kwa maana ya miondoko iliyopangwa, inayofanywa na mtu peke yake bila mpinzani. Wanakarate husema kata, lakini neno hilo ni la Wajapani na sanaa ya Wachina haina haja ya kuliazima.

Jina ni la Kikantoni. Siu ni -dogo. Nim ni kufikiri, kuweka jambo moyoni. Tau ikisimama peke yake ni kichwa, na anayefasiri herufi moja moja atanasa hapo. Katika jina hili tau ni kiishio cha nomino tu, kama katika sek tau, yaani jiwe. Hakuna kichwa cha kufasiri. (Shule nyingine huandika lin, mazoezi, mahali pa nim.)

Wengi husema “wazo dogo”. Si kosa, kwani katika mazungumzo ya kila siku ya Wachina nim tau ni wazo linalomjia mtu. Lakini mtazame anayeufanya mfuatano wenyewe. Amesimama papo hapo, magoti yameelekea ndani. Hapigi hatua wala teke. Ngumi moja iko ubavuni. Mkono wa pili unakwenda mbele polepole mno, kiganja kikitazama juu, kisha unarudi. Unatoka tena kifundo kikiwa kimekunjwa, unarudi, na hilo hurudiwa mara tatu. Bega limelegezwa. Kazi yote ni kukiweka kiwiko karibu na mstari wa katikati ya mwili, maana bega likikaza kiwiko hutoka nje, na kifua kinabaki wazi. Jambo hilo moja mwanafunzi hulishika mwanzo hadi mwisho.

Wazo huja likapita. Nia hutiwa, ikashikwa, kama aitiavyo Mwislamu kabla ya swala au saumu. Kwa hiyo nachagua Nia Ndogo. Udogo wake hauna dharau, ndiyo sababu siwezi kukubali “kijiwazo”: siu hapa ni uchache, jambo moja na si kumi.

Ip Man, mzaliwa wa Foshan aliyeanza kufundisha Hong Kong mwaka 1950 na kuwa mwalimu wa Bruce Lee, alirekodiwa kwenye filamu akiufanya mfuatano huu mwaka 1972, muda mfupi kabla ya kufariki Desemba 2. Ugonjwa ulikuwa umemdhoofisha, na bado aliona unafaa kuachwa kama kumbukumbu.

Walimu mnaofundisha kwa Kiswahili, andikeni Nia Ndogo, na kando yake jina la Kikantoni, kwani mwanafunzi wenu atalihitaji siku atakapofanya mazoezi na wenzake wa Hong Kong.