Mdeki wa mzee, na sheria ya mwaka 1890

Leo naacha mihogo na maharagwe kidogo.

Wakati nilikuwa staji huko Masisi, mzee mmoja alikuwa anatoboa mashimo ya kupandia na chuma kirefu, chembamba. Nikamuuliza: «Mzee, hiki ni nini?» Akacheka: «Mwanangu, ni mdeki wa gobori ya baba yangu.» Nikaona haya. Niko na lisansi, lakini historia ya chuma kile sikuijua. Nikaanza kutafuta.

Gobori njo bunduki inayojazwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha risasi, unashindilia na mdeki. Ziko za namna mbili. Moja mtutu wake ni laini ndani kama bomba. Ya pili iko na mifuo yenye kuzunguka ndani. Risasi inatoka ikizunguka, inaenda mbali na sawa. Ili ishike mifuo, risasi ya mviringo inafungwa na kitambaa chenye mafuta.

Hapo njo shida ya bunduki mpya. Kingo za mifuo ni kali kama panga iliyotoka kunolewa. Kitambaa kinachanika, moshi wa baruti unapenya, risasi inaenda kombo. Fundi anaokota kitambaa mbele ya mtutu, anakisoma kama sisi tunavyosoma jani lenye ugonjwa. Kimekatika kwa mistari? Kingo ni kali. Kimeungua katikati? Ni chembamba mno, ao mafuta ni kidogo. Dawa yake: kusugua mtutu polepole kwa ndani, kulainisha mdomo wake, kisha kupiga na kusafisha mara nyingi mpaka chuma kizoee.

Bazee betu wengi hawakuijua shida hii. Juu ya nini? Bunduki nyingi za biashara zilizofika Afrika zilikuwa laini ndani. Nyingi zilitengenezwa Liège, Ubelgiji. Halafu tarehe 2 Julai 1890, kule Brussels, mataifa yakatia sahihi mkataba. Kati ya digri 20 kaskazini na digri 22 kusini, bunduki zenye mifuo na za kisasa zikakatazwa. Zilizoweza kuuzwa ni za gumegume, zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ubaya ule ulikuwa wa kweli. Lakini serikali zenyewe zilijiachia mlango: askari wa Force Publique walibeba Albini, zenye kujazwa kwa nyuma.

Vita na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili vikaanza 1892. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo Aprili. Tusidanganyane: bunduki peke yake haikuamua. Ngongo Lutete alihama upande mwaka 1892, na watu wake wengi walikuwa na magobori tu.

Sisifu bunduki, sisi wa Goma tumezichoka. Lakini tunaambiwa mara nyingi kwamba mababu walishindwa ju ya ujinga. Kumbe watu waliketi mezani, mbali, wakaandika hata mtutu wetu uwe namna gani ndani.

Basi ndugu msomi, kesho wakikuletea mbegu ao mashini, soma kitambaa kwanza. Uliza: nani aliamua sisi tupate ya namna hii, na yeye mwenyewe anatumia gani?