Mnong'ono, Mngurumo na Historia ya Santuri Mbili



Waliofika kwenye mkutano wetu wa mwisho hapa Kigoma watakumbuka zogo lililotokea baada ya chakula cha jioni. Kijana aliyekuwa akishughulikia vipaza sauti, mjukuu wa mwenzetu mmoja, alituwekea muziki wa Ulaya ambao hakuna aliyeutarajia. Magitaa yalianza taratibu na kwa uzito, kama gari moshi linaloingia stesheni, kisha ikatoka sauti ya mwanamume isiyoimba wala kusema, bali inanguruma. Mzee mwenzangu akapiga meza: "Zima, bwana! Huyo ni mtu au chui?" Tukacheka, muziki ukazimwa, tukarudi kwenye rumba. Mimi pia nilicheka. Lakini kabla haujazimwa nilisikia sauti ya pili, ya mwanamke, nyembamba na safi, ikipita juu ya ule mngurumo, nami moyo ukanishtuka bila kujua kwa nini.

Kesho yake nilimwomba yule kijana anipatie muziki huo, nikausikiliza nyumbani Ujiji mara nyingi. Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia, niliona nieleze nilichokigundua.

Santuri ile ni ya kikundi cha Theatre of Tragedy, kilichoundwa mwaka 1993 katika mji wa bandari wa Stavanger, Norwei. Ilitoka mwaka 1995 kwa jina hilo hilo la kikundi. Anayenguruma ni Raymond Rohonyi, na anayeimba kwa sauti nyororo ni Liv Kristine. Maneno yake ni ya Kiingereza cha kale, cha zama za Shakespeare, na mara nyingi mwanamume na mwanamke hujibizana kama katika mchezo wa kuigiza. Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1991 Waingereza wa kikundi cha Paradise Lost, kutoka Halifax, walitoa santuri iitwayo Gothic, yenye mngurumo wa mwanamume, sauti ya mwanamke na vipande vya okestra. Vijana huuita muziki huo metali ya gothiki.

Sasa angalieni jambo moja. Mngurumo hauna noti inayoweza kufuatwa kama ya mwanakwaya. Ni pumzi iliyokwaruzwa kooni. Magitaa na kinanda ndivyo vinavyoshika mwimbo, na sikio la msikilizaji huuchukua mwimbo huo likampa yule anayenguruma. Ukiondoa ala, inabaki kelele tu. Ukizirudisha, unasikia mtu mwenye huzuni.

Hapo ndipo nilipotambua nilikuwa nimewahi kusikia wapi jambo la namna hiyo. Lilikuwa bwenini kwetu, mwaka 1974.

Wa rika langu wanakumbuka kwamba usiku redio zetu zilishika Bujumbura vizuri kuliko Dar es Salaam. Wenzetu wa Kasulu na Kibondo walikuwa wakitutafsiria, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, na anayekijua kimoja hukisikia kingine. Katika vipindi hivyo ilipigwa inanga. Wa mwambao wasidhani nasema nanga ya mashua. Inanga ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe umepitishwa huku na huku mpaka ukawa nyuzi kadhaa. Sauti yake ni nzito na ya chini. Mpigaji haimbi, bali hunong'ona.

Mnong'ono nao hauna noti, kama mngurumo. Lakini mpiga inanga huzikokota nyuzi sambamba na maneno, zikipanda na kushuka kama Kirundi chenyewe kinavyopanda na kushuka, hata anayesikiliza huapa kwamba mtu yule anaimba. Wataalamu wa muziki wamelichunguza jambo hili na kuthibitisha kwamba ni sikio linalounganisha vitu viwili kuwa kimoja. Wazee wa milima ya Burundi walilijua bila maabara.

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, na santuri ikatolewa na Ocora, ambayo ni ya redio ya Ufaransa. Ndani yake umo mnong'ono wa inanga. Imo pia akazehe, salamu ya kuimbwa ya wanawake, nyepesi na ya haraka, ambayo wawili wakiiimba hupokezana hadi usijue nani ameanza. Na zimo ngoma kuu zilizokuwa za ikulu ya mwami, zikipigwa na kundi zima la wanaume. Kwa hiyo sauti zinazopingana katika santuri moja, nzito na nyembamba, tulikuwa nazo kando ya ziwa hili karibu miaka 30 kabla ya vijana wa Stavanger.

Ngoma zile zilisafiri mbali. Mwaka 1971 zilichanganywa na magitaa na kinanda huko Ufaransa, zikauzwa kama Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake The Jungle Line. Mwaka 1980 Adam and the Ants wa London waliweka wapiga dramu wawili ili kuuiga mdundo huo, wakapata umaarufu mkubwa. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Sidai kwamba vijana wa Norwei walijifunza kwetu. Nasema tu kwamba ngoma zilisikika ulimwenguni kote, na mnong'ono haukupata bahati hiyo.

Miaka mitano baada ya kurekodiwa santuri ile, Aprili 1972, maasi yalizuka kusini mwa Burundi, pande za Rumonge na Nyanza-Lac. Serikali ya wakati huo ilijibu kwa mauaji makubwa ya Wahutu, hasa waliosoma. Hata wanafunzi wa sekondari walitolewa madarasani wasirudi tena. Wengi walivuka kuja kwetu, kwa miguu kupitia milimani au kwa mitumbwi wakiambaa na ufuko.

Mmoja wao alijiunga nasi kidato cha pili. Aliwahi kuwa mwanafunzi wa sekondari kule kwao. Alisema kwa sauti ya chini mno, hata mwalimu akimwuliza swali ilibidi darasa zima linyamaze. Tukampachika jina la Bubu. Usiku mmoja redio ilipiga inanga, naye akaanza kunong'ona pamoja na mpigaji, neno kwa neno, vidole vikitembea juu ya ubao wa kitanda. Bweni zima likaangua kicheko. Redio ilikuwa yangu. Niliizima.

Hakulalamika, wala mimi sikumwuliza wimbo ule ulihusu nini. Kabla ya kidato cha nne familia yake ilihamishiwa makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, naye hakurudi shuleni. Kuanzia mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa kundi lile la mwaka 1972 walipewa hati za uraia wa Tanzania. Huenda naye ni mmoja wao, naye ni mzee kama sisi.

Basi nina maombi mawili. Kwanza, katika mkutano ujao yule kijana apewe nafasi ya kupiga santuri yake mpaka mwisho, na baada yake tusikilize ile ya mwaka 1967. Asiyependa atoke nje kupunga upepo wa ziwa, ila asizime. Pili, kama yupo miongoni mwenu anayejua aliko mwenzetu yule, amwambie kwamba ni mwanachama wetu kama mwingine yeyote, na kwamba kiti chake kipo. Jina lake halisi liko katika daftari la shule, nami ninalikumbuka. Lile tulilompa sisi naomba lisitajwe tena.