Baridi ya Daraja Mbili

Jumatatu na Alhamisi ndizo siku za soko Daraja Mbili, na mvua ya Kisii haijali siku. Inashuka alasiri, inamkuta mama ametandaza ndizi na avokado juu ya gunia, inamlowesha mpaka mifupa. Kwa hiyo akianza kukohoa wiki inayofuata, hakuna anayeuliza maswali. Ni baridi. Ikizidi, ni nimonia. Miaka ya tisini jibu hilo lilitosha kumzika mtu. Redioni wanasema "baada ya kuugua kwa muda mfupi", matangani watu wananong'ona nimonia, stori inaishia hapo.

Na haikuwa uongo. Watu walikufa kwa nimonia kweli. Cha kuuliza ni kwa nini mapafu ya mtu wa miaka 30, aliyebeba mizigo tangu utotoni, yalishindwa na kitu ambacho jirani yake, aliyelowa mvua ile ile, alikikohoa kikaisha.

Ukimwi wenyewe uliingia kwenye maandishi ya madaktari kupitia mapafu. Tarehe 5 Juni 1981, jarida la CDC la Marekani lilichapisha ripoti fupi kuhusu vijana 5 wa Los Angeles wenye nimonia ya Pneumocystis, fangasi ambaye mtu mwenye kinga nzima hata hajui amemvuta. Wawili walikuwa wameshafariki. Kenya, mgonjwa wa kwanza alitambuliwa 1984. Madaktari wakamtafuta fangasi huyo huku kwetu, na hawakumwona sana. Charles Gilks na wenzake, kwenye utafiti wa Nairobi uliotoka katika The Lancet mwaka 1990, walikuta bakteria wa kawaida kabisa ndani ya damu ya wagonjwa: numokoka, yule yule wa nimonia ya kila siku, na salmonela. TB nayo ilikuwa kila mahali. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuficha: ugonjwa mpya ulivaa nguo za ugonjwa wa zamani. Baadaye, mirija yenye kamera ilipoingizwa mapafuni Harare na pale Mulago, Kampala, fangasi naye akapatikana.

Sasa tuingie ndani. Kwenye vifuko vya hewa kunaishi seli zinazoitwa makrofaji, walafi wanaomeza vumbi, moshi wa kuni na bakteria. Zinahitaji CD4 zizichangamshe na kuita wengine. HIV inaua CD4. Zikishuka chini ya 200 kwa mikrolita ya damu, Pneumocystis anapata nafasi, ingawa numokoka na TB hawangoji mpaka hapo. Mwaka 2014 watafiti wa Blantyre, Malawi, walionyesha kwamba virusi huingia hata ndani ya makrofaji, hasa zile ndogo, na zilizoingiliwa zinameza vibaya. CD8 nazo zinafurika mapafuni.

Hapo ndipo nilishtuka. Nilidhani mapafu hayo yalikuwa matupu, kumbe yamejaa seli! Kwenye nimonia ya Pneumocystis, sehemu kubwa ya kukosa pumzi inaletwa na fujo ya kinga yenyewe, si fangasi peke yake. Ndiyo sababu tangu 1990 walio mahututi wanapewa steroidi pamoja na dawa ya kuua fangasi. Mtu hana kinga, halafu unampa dawa ya kuituliza ile kidogo iliyobaki. Inasikika kama wazimu, lakini inaokoa.

Kinachouma ni kalenda. Marekani iliwashauri madaktari wake kuwakinga wagonjwa dhidi ya nimonia hiyo mwaka 1989, na dawa mojawapo ilikuwa Septrin, tembe ya bei ya chini ambayo hata duka la dawa la mtaani linayo. Majaribio ya Abidjan yaliyoonyesha inawasaidia Waafrika pia yalichapishwa 1999. WHO na UNAIDS wakaipendekeza kwa Afrika mwaka 2000. Miaka 11, bana, kwa tembe iliyokuwa tayari kwenye rafu. Moi naye alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na ARV zikaja kuwa bure kwenye hospitali za umma 2006.

Katikati ya tarehe hizo kuna makaburi mengi migombani huku Gusii, na ukiuliza kilichotokea, mzee atakuambia bila kusita: alinyeshewa akitoka sokoni.