Stesheni Ikigeuzwa Maduka, Paa Atatengeneza Nani?

Tangu treni ya abiria ya Nairobi ilipohamia Miritini mwaka 2017, kila ikitajwa stesheni ya zamani ya Mombasa, pale Haile Selassie, nasikia neno lile lile barazani: pageuzwe maduka. Sina ugomvi na wazo hilo. Hofu yangu ni moja tu: kodi ya pango itaingia mfuko gani?

Waliotutangulia wapo. Kule St. Louis, Marekani, stesheni ya Union ilifunguliwa mwaka 1894, na katika miaka ya 1940 ilikuwa ikipitisha abiria kama laki moja kwa siku. Watu wakahamia magari na ndege, na treni ya mwisho ikaondoka Oktoba 1978. Mwaka 1985 jengo likafunguliwa upya, sehemu hoteli na sehemu maduka, kwa gharama ya takribani dola milioni 150. Si kwa mapenzi ya historia peke yake. Sheria ya mwaka 1981 iliwapa wenye mitaji nafuu ya kodi ya asilimia 25 ya gharama za kukarabati majengo ya kihistoria.

Miaka ya mwanzo watu walifurika. Lakini mwenyeji wa mji haendi stesheni kila wiki kununua fulana ya ukumbusho. Maduka yakafungwa moja baada ya jingine, ikabaki hoteli, na mwishoni mwa 2019 pakafunguliwa maonyesho ya samaki hai. Jengo limesalimika, maduka ndiyo yaliyokufa.

Swindon, Uingereza, mambo yamekwenda vizuri zaidi. Karakana za reli zilizoanza kazi mwaka 1843 zilifungwa 1986, na mwaka 1997 zikawa soko la nguo za bei nafuu. Makumbusho ya reli yakafunguliwa jirani mwaka 2000. Anayefuata bei atarudi, hata kama kuta hazimshughulishi.

Karakana na stesheni zinafaa kwa biashara kwa sababu zina nafasi pana na nguzo chache. Ila kanuni ya wahifadhi ni kwamba vibanda visimame vyenyewe, visitobolewe ndani ya kuta za zamani, ili siku mpangaji akiondoka jengo libaki lilivyokuwa.

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kwenda St. Louis kujifunza hesabu hii. Ni hesabu ya wakfu. Misikiti yetu mingi ina maduka ubavuni. Asili ya mali haiuzwi, linalotumika ni pato lake, na matengenezo ya mali yenyewe hutangulia kabla ya mgao wa yeyote. (Tunavyoitekeleza ni kisa kingine, tuwe wakweli.)

Basi wakija na mkataba wa stesheni, mimi nitauliza mambo matatu. Je, jengo limetangazwa rasmi kuwa turathi chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kabla ya mpangaji kukabidhiwa funguo? Je, ni fungu gani la kodi limeandikwa kuwa la paa na kuta, lisiloguswa kwa jambo jingine? Na muuza mahamri anayepanga meza nje ya geti, ametengewa kibanda ndani, au atafukuzwa na askari siku ya ufunguzi?