Dhahabu na Msitu wa Ituri: Kutoka Kampuni ya Kilo-Moto hadi Wachimbaji Wadogo

Historia ya dhahabu ya kaskazini-mashariki ya Kongo imeandikwa zaidi kama historia ya kampuni, ya kazi ya shuruti na ya vita. Badiliko la ardhi, mito na msitu halijapewa nafasi yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba madhara yanayobebeshwa wachimbaji wadogo yana mizizi pia katika maamuzi ya dola.

Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza mwaka 1905; ule wa Moto, upande wa Watsa, ulifuata mwaka 1911. Mwaka 1926 iliundwa kampuni ya Kilo-Moto. Mabonde ya mito yalifukuliwa na kokoto zake kuoshwa, huku mwenyeji aliyechimba kwa faida yake akihesabiwa kuwa mwizi. Mwaka 1966 migodi hiyo ilikabidhiwa OKIMO, shirika la dola.

Badiliko kubwa lilitokea mwaka 1982, serikali ya Zaire iliporuhusu uchimbaji wa mikono. OKIMO ilipozidi kudhoofika, maelfu ya vijana waliingia hata katika maeneo yake. Tangu hapo mgodi haukuwa tena mahali pamoja penye uzio, bali mashimo mengi yanayohamahama msituni.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Kwanza miti hukatwa na udongo wa juu huondolewa. Kisha changarawe huoshwa, na tope hushuka mtoni likaziba makazi ya samaki. Panapotumika zebaki, hiyo hushikamana na chembe za dhahabu, kisha huchomwa, na mvuke wake huingia mapafuni mwa mchomaji. Zebaki inayofika majini hugeuzwa na bakteria kuwa sumu kali zaidi, ambayo hujilimbikiza katika samaki na hatimaye katika mwili wa mlaji. Mashimo yanayoachwa hujaa maji, yakawa mazalio ya mbu.

Ugonjwa nao umeacha ushahidi. Kati ya mwaka 1998 na 2000, homa ya Marburg iliwashika watu 154 katika eneo la Durba na Watsa, na 128 kati yao walikufa. Wengi wa wagonjwa walikuwa wachimbaji wa mgodi wa Goroumbwa, uliokaliwa na popo. Mlipuko ulikoma mgodi ulipofurika maji.

Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuingizwa mwaka 1996 katika Urithi wa Dunia, haikusalimika. Kambi za wachimbaji huhitaji nyama, na nyama hutoka msituni. Mwezi Juni 2012 waasi waliojitajirisha kwa dhahabu na pembe za ndovu walishambulia Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakifugwa kituoni.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliweka maeneo maalumu ya wachimbaji wadogo, lakini ni pale tu ambapo dhahabu haifai kuchimbwa kwa mitambo mikubwa. Hivyo aliye maskini husukumwa kwenye mabaki ya ardhi, au huvuka mpaka na kuingia hifadhini. Kumfukuza bila kumpa mahali halali pa kuchimba ni kumhamisha kutoka mto mmoja hadi mwingine. Na kila mto anaohamia, msitu hulipa upya.