Neno Lenye Ndimi Mbili



Lugha ya Kiingereza ina maneno mengi ya kuutaja uongo, na kila moja lina historia yake. Juma hili nawaalika tulitafakari moja, "equivocation", kwa kuwa linatugusa sisi Wakatoliki. Hapo awali lilikuwa hasa neno la wasomi wa mantiki, likimaanisha usemi wenye maana mbili. Kesi za mapadre ndizo zilizoligeuza kuwa shutuma.

Mwaka 1585 sheria ya Uingereza ilimhesabu kuwa mhaini padre Mwingereza aliyepewa upadre ng'ambo kisha akaonekana nchini. Aliyemhifadhi nyumbani aliweza kunyongwa. Je, askari wakibisha hodi na kuuliza kama padre yumo, mwenye nyumba ajibu nini? Baadhi ya wanateolojia walifundisha kwamba aweza kusema "hayumo", huku akikamilisha moyoni, "kwa namna inayonipasa kuwaambia". Mtakatifu Robert Southwell, Mjesuiti na mshairi, alishutumiwa kwa fundisho hilo kabla ya kunyongwa mwaka 1595.

Mwaka 1606 ikawa zamu ya Padre Henry Garnet, mkuu wa Wajesuiti nchini humo, aliyeshitakiwa kufuatia njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge kwa baruti. Kifungoni alikana kwamba alizungumza na padre mwenzake, kumbe wapelelezi walijificha wakisikiliza. Baadaye akakiri. Alinyongwa, na neno lile likaenea vinywani mwa watu. Karne hiyo hiyo "jesuitical" likawa jina la mtu mwenye hila ya maneno. Southwell alitangazwa mtakatifu mwaka 1970, Garnet hajatangazwa.

Kanisa nalo lilijisahihisha. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alilaani fundisho kwamba mtu aweza kuapa huku akificha moyoni maana nyingine. Katekisimu, namba 2489, yafundisha kwamba hakuna anayewajibika kufunua ukweli kwa asiye na haki ya kuujua. Basi kunyamaza kwaweza kuwa ngao halali, lakini kuapa kwa ndimi mbili sivyo.

Tusiwahukumu kwa wepesi waliojibu mbele ya kitanzi. Tujiulize sisi tusiotishwa na yeyote: ni mara ngapi tumepokea simu na kusema "nipo njiani", hali tungali tumeketi nyumbani?