Usimamizi wa uanuwai: kazi inayoanza viti vikishajaa

Usimamizi wa uanuwai ni kazi ya kuliendesha kundi lenye watu wa asili, umri, jinsia, lugha na riziki mbalimbali ili kila mmoja achangie alicho nacho bila kulazimika kufanana na wenzake. Mmarekani Roosevelt Thomas aliitetea fikra hii mwaka 1990 katika jarida la Harvard Business Review: kuwaingiza watu mbalimbali kazini ni mwanzo tu, kazi ni namna wanavyoongozwa wakishaingia.

Wengi husema “kusimamia tofauti”. Siuungi mkono msemo huo. Ukisikia wanakamati wana tofauti zao, unaelewa wamegombana, na anayezisimamia anageuka mpatanishi. Uanuwai, unaotokana na anuwai, haubebi ugomvi, na wanamazingira wameshatuzoesha bayoanuwai.

Sheria za Kenya zimeshughulika zaidi na hesabu. Ile ya Utangamano ya 2008 hairuhusu taasisi ya umma kuajiri zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasiotoka jamii kubwa ya kaunti. Hesabu hizo ninazitetea kwa moyo wote, ila haziwezi kuona kila kitu. Fomu yenye neno “Mmeru” haisemi kama mtu ni wa Imenti, Tigania au Igembe, na wenyewe wanajua uzito wa jambo hilo uchaguzi unapofika. Embu nayo ina Waembu na Wambeere. Mbeere ilipewa wilaya yake mwaka 1996, kisha Katiba ya 2010 ikawarudisha pamoja katika kaunti moja.

Mahali ninapouona uanuwai wazi kabisa ni katika vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua. Mto Kathita unatoka Mlima Kenya, unapita mji wa Meru na mashamba ya Imenti, kisha unateremka hadi Tharaka kukavu na kuingia Tana. Mkulima wa juu ana kahawa na mfereji. Wa chini ana mbuzi, mtama na ndengu. Wote wakipata viti kwenye kamati, hesabu imetimia. Lakini mikutano ikifanyika juu kila mara, nauli inamla wa chini. Ikiitishwa asubuhi, mama anayechuma majani chai hafiki. Wazee wakimaliza kusema, kijana anaona hoja imefungwa na ananyamaza.

Kusimamia uanuwai hapo ni kuhamisha mkutano, kubadili saa, kumwomba kijana na mama waseme kabla ya wazee, na kuwasomea wote kumbukumbu kwa lugha wanayoisikia vizuri. Ningependa pia kamati ikutane chini wakati wa kiangazi, wa juu wakaone wenyewe mto ulivyobaki.

Usimamizi wa uanuwai hata hivyo una mpaka wake. Maji yakipungua mwezi wa Agosti, kusikilizana hakuyaongezi. Hapo panatakiwa ratiba ya zamu, mtu wa kufunga mifereji, na faini inayomfikia hata mwenyekiti.